Wageni wa Hatushuki

"Mtu akishaingia Hatushuki hatoki," alisema Honi. "Labda atolewe na jeneza."

Alisema hayo huku anapiga pasi. Nyumba nzima ilimsikia, na nyumba ya pili pia. Hakuitwa Honi bure. Sauti yake ilikuwa na uwezo wa kusimamisha lori. Nguo za watu zilikuwa zimepangwa mezani kama mikate: mashati huku, suruali kule, na shuka za nyumba ya wageni katikati. Hiyo ndiyo kazi yake. Watu walileta nguo zimekunjamana kama uso wa mdaiwa, wakazichukua zimenyooka.

Mama mkwe wake alikuwa kitini, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mguu huo ulikuwa na kidonda. Sukari ilikuwa imemwandama muda mrefu, na kidonda cha mtu mwenye sukari hakiponi kwa maneno matamu. Kilitaka kusafishwa na kufungwa upya hospitalini mara tatu kwa wiki.

"Hatoki?" aliuliza mama mkwe. "Na yule kinyozi?"

"Kinyozi alisafiri."

"Nilimwona jana ananyoa."

"Mama, yule alikuwa mwoga."

"Na binti wa duka la dawa?"

"Aliolewa."

"Akiolewa hana miguu?"

Honi akapiga pasi kwa nguvu zaidi. Kola ya shati ikaomba msamaha.

Hebu tueleze hilo kundi la Hatushuki. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Barabara hiyo ilikuwa pana, na magari yake hayakumwonea mtu haya. Juu yake palikuwa na daraja la chuma la waenda kwa miguu. Watoto walilivuka kwenda shule, wagonjwa wakalivuka kwenda hospitali. Kisha ikaja kampuni ya maghala ikajenga geti lake karibu na ngazi za daraja. Malori yake marefu yakawa yanahangaika kukata kona. Kampuni ikataka daraja litolewe. Halmashauri ikakubali. Ikasema daraja jingine litajengwa "siku zijazo". Siku zijazo ni siku ambazo haziko kwenye kalenda yoyote.

Wakazi walikataa. Wakaunda kundi, wakaliita Hatushuki. Yaani, juu ya daraja hili tumepanda na hatushuki. Mwenyekiti alikuwa Fundi Baiskeli, mzee mwenye mikono myeusi ya grisi na filimbi shingoni. Honi alikuwa mhamasishaji. Kazi yake ilikuwa kuleta watu wapya, na aliwaleta kweli. Tatizo ni kwamba waliingia mlango wa mbele, wakatokea mlango wa nyuma.

Jioni hiyo mumewe alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Yeye alikuwa mwoka mikate. Alilala wakati watu wako macho, akaamka wakati watu wanalala. Alikuwa mpole, na maneno yake yalikuwa machache kama nywele za kichwani mwake.

"Mke wangu," alisema, "Jumamosi nitakuja kwenye kundi lenu."

Honi akainua pasi juu. "Wewe?"

"Mimi. Mama akikosa daraja atavukaje? Na mguu huo? Nitakuja kusaidia."

Honi alifurahi hadi akaunguza mfuko wa suruali ya mtu.

*

Jumamosi mwoka mikate hakulala. Alitoka tanuruni moja kwa moja, unga bado uko kwenye nyusi. Kundi lilikutana kwenye banda la Fundi Baiskeli, chini ya magurudumu yaliyoning'inia. Wakongwe walikuwa wamekaa kwenye benchi. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha chai, chenye alama yake ya rangi.

Wageni walikuwa wachache. Kulikuwa na mwoka mikate, binti mmoja mshonaji kutoka kiwanda cha nguo, na vibarua wenzake wawili watatu. Hakuna aliyewauliza wanatoka wapi. Hakuna aliyewapa kikombe.

"Wageni," alisema Fundi Baiskeli, "shikeni bango."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Hatushuki. Bango lao lilikuwa refu, la kitambaa kizito, na lilifungwa kwenye miti miwili. Mgeni alishika mti mmoja, mgeni mwenzake akashika wa pili. Walisimama hivyo mkutano mzima. Wakongwe walikaa, wakazungumza, wakanywa chai. Ukishashika mti mikutano ya kutosha, ndipo waliposema "umeiva", nawe ukapata nafasi kwenye benchi.

"Samahani," mshonaji aliuliza, "leo tunapanga nini hasa?"

Wakongwe wakatazamana. Mmoja akasema, "Kama ile siku ya matofali." Wote wakacheka hadi chai ikamwagika.

"Siku ya matofali ilikuwaje?" aliuliza mwoka mikate.

"Utaelewa ukiiva," alijibu Fundi Baiskeli.

"Hapa hatufundishani," akaongeza Honi kwa majivuno. "Hapa tunaiva!"

Mumewe alimtazama. Yeye alijua habari za kuiva. Mkate hauivi kwa kusimamishwa mlangoni. Lakini akaendelea kushika mti.

Kabla chai haijaisha, mtoto wa jirani alikuja mbio. "Wamekuja darajani! Wana mashine ya kukata chuma!"

Kundi zima likakimbia. Wakapanda juu ya daraja, bango likiwa mbele. Kweli, lori la kampuni lilikuwa limeegeshwa chini. Vibarua walikuwa wanashusha mashine. Askari wawili walisimama kando, mikono nyuma.

Fundi Baiskeli akapuliza filimbi moja ndefu: Piiiiiiii!

Wakongwe wote wakaketi chini papo hapo, wakashikana mikono. Walijua filimbi ndefu maana yake ni kaa. Filimbi fupi mbili maana yake ni ondokeni taratibu. Walijua hivyo tangu zamani, kama mtu anavyojua njia ya jikoni kwake.

Wageni hawakujua. Wao walisikia filimbi, wakaona askari. Kibarua mmoja wa kiwanda cha nguo akapiga kelele, "Tumekwisha! Kimbieni!"

Mwoka mikate akakimbia upande wa kulia na mti wake. Mshonaji akakimbia upande wa kushoto na mti wake. Bango lilikuwa moja. Likavutika, likalia kraa, likapasuka katikati. Kipande kimoja kikamfunika Fundi Baiskeli kichwa kizima. Mzee akawa anapuliza filimbi ndani ya kitambaa kama birika linalochemka.

Wakongwe waliobaki hawakutosha kuziba pande zote mbili. Vibarua wa kampuni walizunguka hadi ngazi za upande wa nyumbani. Mashine ikanguruma. Cheche zikaruka. Wakakata mkono wa ngazi, ule wa kushikilia, kutoka chini hadi juu. Kisha msimamizi wao akatazama saa.

"Leo inatosha," alisema. "Tutarudi kumalizia."

Wakaondoka na chuma chao begani.

*

Keshokutwa yake ilikuwa zamu ya mama mkwe kwenda hospitali. Honi alimsindikiza. Walipofika kwenye ngazi, mama mkwe akanyoosha mkono kushika chuma, akashika hewa.

Alitazama juu, akatazama barabara. Basi moja lilipita kwa kasi, upepo wake ukampeperusha kitambaa cha kichwani.

"Chini sipiti," alisema. "Huko hata mwenye miguu minne hafiki."

Akageuka, akaketi kwenye ngazi ya kwanza. Akajisukuma kwa mikono, akapanda kwa makalio hadi ngazi ya pili. Kisha ya tatu. Watu walipita pembeni wakitazama kando kwa heshima.

"Mama, nikubebe."

"Nibebe uangushe wawili? Shika fimbo yangu."

Alifika juu amelowa jasho. Bendeji ya mguu ilikuwa imeingia vumbi. Hospitalini Sista aliyefunga vidonda aliitazama, akaanza kuifungua. Huyo Sista alikuwa jirani yao mpya. Alikuwa amehamia mtaani mvua za juzi, na kazi yake nyingine ilikuwa kufundisha wauguzi wanafunzi wodini.

"Bibi, kidonda hiki kilianza kufunga," alisema. "Sasa kimechafuka. Kikichafuka tena na tena, tutakuwa tunazungumza kuhusu kidole. Kisha kuhusu mguu."

Njia nzima ya kurudi, Honi alilaani. Alilaani kampuni, akailaani mashine. Alipofika nyumbani akamgeukia mumewe, ambaye ndiyo kwanza ameamka.

"Umeona? Mmekimbia, mama anapanda daraja kwa makalio! Waoga wakubwa nyie!"

Mwoka mikate aliketi kitandani. Alivaa shati taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine.

"Mke wangu, ile filimbi ilikuwa na maana gani?"

"Kaa! Kila mtu anajua!"

"Nani aliniambia?"

Honi akachukua shati, akaanza kulikunja ndani nje.

"Nilishika mti mkutano mzima," alisema mumewe. "Nilidhani mimi ni nguzo ya umeme. Nilisubiri ndege waje wajenge kiota. Sikujua tunapanga nini, sikujua askari wakija nifanye nini, sikujua hata chai nitaipata wapi. Mama ni mama yangu, nitamvusha mwenyewe. Lakini huko kwenu sirudi."

Akachukua kofia yake ya kazi, akaenda zake. Mtu akishaingia Hatushuki hatoki, ilisemwa. Huyu alikuwa ametoka, na alikuwa anatoka kwenye kitanda chake Honi mwenyewe.

*

Siku iliyofuata Sista alipita kuchukua sare zake. Zilikuwa bado hazijanyooshwa. Honi alikuwa ameketi mbele ya pasi ya baridi.

"Jirani, unaumwa?"

"Naumwa na watu. Watu wa siku hizi hawana moyo. Tunawaleta, wanakimbia."

Sista akavuta kigoda. "Mimi nimewahi kuwa kwenye makundi mawili kama lenu, huko nilikotoka. Yote mawili nilitoka."

"Kumbe na wewe mwoga?"

"Sikuwahi kukimbia askari. Niulize nilikimbia nini."

"Ulikimbia nini?"

"Benchi. Benchi la wakongwe, na vichekesho vyao nisivyovielewa. Kundi la tatu nilikaa hadi tukashinda. Unajua tofauti? Siku ya kwanza mama mmoja alinipokea mlangoni akanionyesha choo."

Mama mkwe akacheka kutoka kitini. "Choo tu?"

"Choo tu, bibi. Hata wodini nafanya hivyo. Mwanafunzi wa uuguzi akija siku ya kwanza, namwonyesha choo. Mtu asiyejua choo kiko wapi hamsikilizi mgonjwa, anasikiliza kibofu chake. Kisha namwambia kengele hii ikilia maana yake nini, na ile maana yake nini. Simwachi akisie. Akikisia, mtu atakufa. Halafu nampa mwenzake mzoefu, mmoja, wa kumwuliza hata maswali ya kijinga."

"Hivyo tu?"

"Bado. Jioni, kabla hajaondoka, namwuliza: leo kimekutisha nini? Hapo ndipo utajua kama kesho atarudi. Usipomwuliza wewe, atajiuliza mwenyewe kitandani, na atajijibu vibaya."

Honi alikuna kichwa. "Lakini sisi ni wapiganaji. Sisi si chekechea."

"Sawa. Mumeo anakuwa macho saa ngapi?"

"Yule? Usiku kucha hadi alfajiri."

"Kuna mtu mwingine Hatushuki anayekuwa macho alfajiri?"

"Hakuna. Sisi ni watu wa jioni."

"Na kampuni ikija alfajiri?"

Honi akashika pasi ya baridi, akaipitisha juu ya sare. Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Mlipata mtu wa alfajiri," alisema Sista, "mkamfanya nguzo ya bango. Mgeni mwulize mambo matatu. Unajua kufanya nini? Una nafasi lini? Na kitu gani hutaki kufanya? Hilo la mwisho msilisahau. Mtu asiyeruhusiwa kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Wengine hawawezi kukaa mbele ya askari, wana watoto wa kunyonyesha. Wapeni kazi nyingine. Kazi ya kweli, si ya kupoteza muda."

"Mimi nilitaka," alisema mama mkwe ghafla.

Wakageuka wote.

"Nilimwambia yule fundi wa baiskeli mwaka jana kwamba nataka kuingia. Akasema, bibi pumzika. Nipumzike nimechoshwa na nini? Daraja hili navuka mimi kuliko wote wale wa kwenye benchi!"

Honi alimtazama mama mkwe wake. Wameishi chumba kwa chumba miaka yote hiyo, na hakuwahi kumwuliza.

*

Kumshawishi Fundi Baiskeli haikuwa kazi ndogo. Honi alikwenda na Sista bandani. Mzee alikuwa amelaza baiskeli kichwa chini, anaitafuta pancha kwenye beseni la maji.

"Kupokea wageni?" alisema. "Sisi nani alitupokea? Sisi tulipokelewa na virungu!"

"Ndiyo maana mmebaki kiganja kimoja," alijibu Sista.

Honi akakohoa. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu mwenyekiti hivyo.

"Na wapelelezi je?" Mzee hakukubali kushindwa. "Ukimweleza kila mtu kila kitu, mpelelezi naye atasikia."

"Mzee wangu, mpelelezi ndiye atakayeshika bango vizuri kuliko wote. Hatalalamika, hataomba chai. Analipwa! Mnaofukuza nyie ni waoka mikate. Na mnaficha nini? Mnakaa juu ya daraja mchana kweupe. Waambieni wageni lengo, waambieni ishara, waambieni hatari. Hayo hata kampuni inayajua. Mambo ya siri, kama yapo, yabaki kwa wanaohusika."

Mapovu yakatoka kwenye beseni. Pancha imeonekana. Fundi Baiskeli aliweka kidole juu yake, akabonyeza hadi mapovu yakakoma.

"Nimekuwa na hasira na wanaokimbia," alisema mwishoni. "Sikufikiria wanakimbia kwa sababu yangu." Kisha akaongeza haraka, maana alikuwa mzee wa kiburi, "Lakini bango langu walilipasua wao."

"Litashonwa," alisema Honi. "Tuna mshonaji. Tukimwomba radhi."

Wakaenda kuwaomba radhi. Honi alizunguka nyumba kwa nyumba. Kwa kinyozi aliomba radhi akiwa kwenye kiti cha kunyolewa, maana kinyozi alisema, "Kaa kwanza, nikuone unavyojisikia ukiambiwa usitikisike." Kwa mumewe alikuwa na kazi zaidi. Alisubiri arudi kutoka tanuruni, akampa chai kwenye kikombe kipya chenye alama ya rangi ya bluu.

"Hiki nini?"

"Kikombe chako cha Hatushuki. Na mwenzako ni Fundi Baiskeli mwenyewe, atakufundisha kila kitu. Ukitaka. Usipotaka, kunywa tu chai, mume wangu. Nilikukosea."

Mwoka mikate alitazama kikombe, akakinusa kama unga. "Nikisema sitaki kukaa mbele ya askari?"

"Hutakaa."

"Na nikisema nataka?"

Honi akatabasamu hadi masikioni.

Mkutano uliofuata benchi liliwekwa nje. Wote walikaa mduara, juu ya ndoo, matairi na masanduku. Honi alisimama mlangoni. Aliyeingia alisalimiwa, akaonyeshwa choo, akapewa chai. Fundi Baiskeli alieleza siku ya matofali mwanzo hadi mwisho. Kumbe haikuwa hata ya kuchekesha. Kisha akapuliza filimbi, na wote wakafanya mazoezi. Ndefu, kaa. Fupi mbili, ondokeni taratibu. Mshonaji alikosea mara ya kwanza. Watu wakacheka pamoja naye, si juu yake, na wakarudia.

Sista akasema ukweli wote. "Wanaweza kutusukuma. Wanaweza kumshika mtu. Akishikwa mtu, wakili wa kumpigia ni huyu niliyemwandika ukutani, kariri namba yake. Hupigi, hutukani, hurushi kitu. Na anayeona leo haimfai, akae nyumbani bila aibu. Kesho bado tutamwita mwenzetu."

Zamu zikapangwa kwa jinsi watu walivyoishi, si kwa jinsi mwenyekiti alivyopenda. Mwoka mikate na mshonaji walichukua alfajiri, yeye akitoka tanuruni, binti akitoka zamu ya usiku. Fundi Baiskeli alivua filimbi yake shingoni, ile aliyoivaa miaka yote. Akaipangusa kwa shati, akamvisha mwoka mikate.

"Usiivunje," alisema. Hilo lilikuwa neno lake la upendo.

Mama mkwe naye aliulizwa anachojua kufanya.

"Kukaa," alijibu. "Mguu huu umenifundisha. Nikikaa mahali, hata deni halinitoi."

Akaandikiwa ngazi za upande wa nyumbani.

*

Kampuni haikuja jioni. Ilikuja alfajiri, kama Sista alivyohofia. Watu wa Hatushuki wamelala, walifikiri. Lori lilikata kona taa zimezimwa.

Mwoka mikate alikuwa juu ya daraja, kapu la mikate ya moto miguuni. Mshonaji alikuwa anatafuna kipande.

"Kaka, lile lori halina taa."

Mwoka mikate alitazama. Miguu ilitaka kukimbia, ilikwisha kuzoea njia. Lakini safari hii alijua la kufanya. Aliweka filimbi mdomoni.

Piiiiiiiiiii!

Filimbi ilikata mtaa mzima. Mlango wa nyumba ya tanuru ukafunguka, waoka mikate waliokwisha kufundishwa filimbi na mwenzao wakatoka na aproni zao. Geti la kiwanda cha nguo lilikuwa bado linatapika zamu ya usiku, wasichana wakapandisha ngazi wakikimbia. Kinyozi alitoka na kikaptura. Fundi Baiskeli alikuja juu ya baiskeli ya mteja. Wote wakaketi, wakashikana mikono, pande zote mbili. Hakuna aliyekimbia. Anayejua anakaa kwa nini hasukumwi na filimbi.

Chini kwenye ngazi zisizo na mkono, mama mkwe alikuwa ameweka kigoda chake katikati, mguu wenye bendeji umenyooshwa mbele kama kizuizi cha barabarani. Honi alikuwa kando yake.

Msimamizi wa kampuni alifika na vibarua wake. "Bibi, ondoka hapo. Tuna kazi."

"Hata mimi nina kazi. Hii."

"Bibi, utaumia."

"Nimeshaumia. Ulipokata chuma cha kushikilia ulikuwa unakata mguu wangu, hukujua? Sawa, nitaondoka. Geuka unibebe mgongoni. Hospitali ni ng'ambo ile. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenda na kurudi. Njoo mapema, sipendi kuchelewa."

Vibarua wakaangalia viatu vyao. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kiongozi wenu nani?" msimamizi alifoka kuelekea juu.

Fundi Baiskeli alikaa kimya. Mshonaji ndiye aliyejibu.

"Mimi ni mgeni, lakini niulize mimi. Hatukatai daraja jipya. Jengeni hilo kwanza, watu wavuke, kisha kateni hili mpeleke mnakotaka. Na mkono wa ngazi mlioukata mrudishe. Tunataka hayo tu. Kabla ya hapo, hatushuki!"

"Hatushuki!" daraja zima likaitikia. Chuma kikatetemeka kutoka mwisho hadi mwisho.

Jua likatoka. Watoto wa shule wakafika, wakapita katikati ya waliokaa, kila mmoja akapewa kipande cha mkate. Wagonjwa wakapita. Magari yakaanza kupunguza mwendo kutazama. Askari walikuja, wakazungumza na Sista, wakazungumza na msimamizi. Msimamizi alipiga simu, akapiga tena. Mchana, mhandisi wa halmashauri alifika mwenyewe, tai imepinda. Aliona mguu wa mama mkwe. Akaziona ngazi zilizokatwa mkono. Akaona watu wengi kuliko alivyoambiwa.

Lori likaondoka na mashine yake ikiwa haijawashwa.

Halmashauri ilisimamisha ubomoaji hadi daraja jipya lijengwe. Haikufanya hivyo kwa upendo. Ilifanya kwa sababu kila alfajiri, kila mchana na kila jioni iliwakuta watu wamekaa, na wanaongezeka. Fundi wa kuchomelea alikuja kurudisha mkono wa ngazi, wakaupaka rangi ya kijani. Kidonda cha mama mkwe kikaanza tena kufunga. Sista alisema kidole hakizungumziwi tena, angalau kwa sasa.

Kampuni bado iko. Hatushuki nao wapo.

Siku moja alikuja mgeni, kijana muuza vitabu vya mitumba, mwembamba, macho yanahangaika. Honi alimpokea chini ya ngazi. Alimwonyesha choo, akampa chai, akamfundisha filimbi. Yote sawasawa. Kisha ulimi ukamponyoka.

"Usihofu, mdogo wangu," alimwambia. "Alfajiri ile, mimi nilikuwa hapa hapa. Lori hili, mimi huyu. Nilimkazia macho yule msimamizi, sikutikisika hata ukope."

Juu yao fimbo ikagonga ngazi. Mama mkwe alikuwa anashuka kutoka hospitali, mkono juu ya chuma cha kijani.

"Mgeni, usimsikilize," alisema. "Alikuja na gauni la kulalia, kiatu kimoja cha mumewe. Alikuwa anatetemeka hadi kigoda changu kinacheza."

"Mama!"

Muuza vitabu alicheka. Mabega yake yakashuka kidogo. "Kwa hiyo hata wewe uliogopa?"

Honi alitafuta mahali pa kutazama, akakosa. "Niliogopa," alisema, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuwa nazo. "Lakini nilikaa."

"Hilo ni kweli," alisema mama mkwe. "Alikaa. Juu ya mguu wangu mbovu."